Uzi: HER2, protini inayoipa saratani ya matiti mbio, na kwa nini jina lake lisikose kwenye ripoti ya bayopsi

#1 FundiMaabara (Malindi)

Salaam aleikum wanajamvi.

Kazi yangu ni maabara, upande wa vinyama. Kile kipande daktari anachokitoa kwenye uvimbe, ndiyo bayopsi au "kinyama", huletwa kwetu, tunakigandisha ndani ya nta ya parafini, tunakikata vipande vyembamba mno, tunakitia rangi, kisha mpatholojia anakisoma kwa hadubini. Kwa muda sasa watu wa Malindi, Lamu, hadi Mpeketoni wamekuwa wakinitumia kwa faragha picha za ripoti za mama zao na dada zao, na swali ni lile lile: hii HER2 3+ ndiyo nini? Wengine ripoti haina hata huo mstari, na mgonjwa keshaanzishiwa dawa. Nimeona nifungue uzi tuzungumze hadharani, maana mstari huo mmoja ndio unaoamua mtu atibiwe vipi.

HER2 ni protini. Sote tunayo, wanawake kwa wanaume, na kuwa nayo si ugonjwa. Inakaa kwenye utando wa seli: sehemu imetokeza nje, sehemu imezama ndani. Kazi yake ni kupokea habari za kukua. Ikiwa peke yake haifanyi kitu. Ikikutana na HER2 nyingine, au na mmoja wa ndugu zake wa ukoo huo huo (HER1, HER3, HER4), zinashikana mbili mbili, na ile sehemu ya ndani inaamka na kupeleka amri kutoka protini moja hadi nyingine mpaka kwenye kiini cha seli: gawanyika. Hao ndugu zake husubiri kwanza waguswe na kichocheo ndipo wafunguke. HER2 haisubiri. Umbo lake liko wazi muda wote, tayari kushikana.

Jeni inayotengeneza protini hii iko kwenye kromosomu ya 17. Seli ya kawaida ina nakala mbili, ya baba na ya mama. Katika saratani za matiti kama 15 hadi 20 kwa kila 100, jeni hii hujinakili ovyo hadi nakala kumi, ishirini au zaidi. Seli ya kawaida ya titi ina kama HER2 20,000 kwenye utando wake. Seli ya saratani ya aina hii inaweza kufikisha milioni 2. Zikisongamana kiasi hicho hazina haja ya kutafutana, zinashikana usiku na mchana na amri haikatiki.

Lakini kugawanyika haraka peke yake kungeleta uvimbe mkubwa tu. Uvimbe uliotulia mahali pake daktari wa upasuaji angeutoa na mambo yakaisha. Kinachoua ni kusambaa, na hapa ndipo HER2 inapotisha. Seli zinazozunguka mirija ya maziwa zimeshikana kwa protini nyingine iitwayo E-kadherini. Amri za HER2 zikizidi, E-kadherini inapungua, seli zinaachana, zinabadilika umbo, zinaanza kutambaa. Zinatoa vimeng'enya vya kuyeyusha ukuta unaozingira mirija. Zinaita mishipa mipya ya damu isogee. Tena kuna hili ambalo watu hawalijui: seli ya kawaida ikitoka mahali pake ikakosa pa kujishika, hujiua yenyewe. Mwili umejiwekea hivyo ili kila seli ikae kwao. Seli yenye HER2 nyingi imeshapewa amri ya kutokufa, kwa hiyo inaweza kuelea kwenye damu au limfu ikafika mbali ingali hai.

Mwaka 1987 Dennis Slamon wa chuo kikuu cha UCLA, Marekani, na wenzake walichapisha matokeo ya kupima uvimbe 189 wa saratani ya matiti. Kati ya hizo walizopima wao, kama 30 kwa kila 100 (zaidi ya makadirio ya leo niliyoyataja juu) zilikuwa na jeni hii iliyojinakili, na wanawake wenye nakala nyingi ndio waliorudiwa na ugonjwa mapema na kufariki mapema. Kutoka hapo ikatengenezwa dawa inayoishika HER2 kwa nje na kuizuia, trastuzumab, ikaidhinishwa Marekani mwaka 1998. Mwaka 2005 yakatoka majaribio makubwa yaliyoonyesha kwamba mgonjwa mwenye HER2 nyingi akipewa dawa hiyo pamoja na matibabu ya kawaida baada ya upasuaji, hatari ya ugonjwa kurudi inapungua karibu nusu. Nusu, ndugu zangu. Mama wa HER2 3+ (yaani HER2 imezidi mno) asiyejulikana kuwa ni 3+ ananyimwa hiyo nusu kwa sababu ya mstari uliokosekana kwenye karatasi.

Ombi langu: mgonjwa wenu asianze dawa kabla hamjaona majibu ya vitu vitatu, ER, PR na HER2. Viwili vya kwanza ni vipokezi vya homoni za estrojeni na projesteroni. Ulizeni, nitajibu ninayoyajua.


#2 BintiLangoni (Lamu)

Waaleikum salaam kaka Fundi, Mungu akulipe. Swali langu si la ripoti, sisi hatujafika huko. Halati yangu, miaka arobaini na kitu, ana kivimbe titi la kushoto tangu kabla ya Ramadhani. Kigumu, hakimuumi. Kwapani nako ukigusa pana kitu. Hospitali ya King Fahd hapa Lamu wamempiga altrasaundi wakamwambia lazima atolewe kinyama kikapimwe.

Nyumbani ndio pana vita. Bibi na wenzake hawataki kusikia. Wasema uvimbe ukichomwa sindano umechokozwa, utatawanyika mwili mzima, na wamtaja jirani yetu aliyetolewa kinyama, haikupita muda akafariki. Halati mwenyewe amenyamaza, kila jioni apakwa mafuta na kukandwa titi. Mimi ndiye mdogo humo ndani. Naanzia wapi?


#3 FundiMaabara

Dada BintiLangoni, pole sana, na mpe halati pole yangu.

Sindano haiifundishi seli kutembea. Uwezo wa kutembea seli inaupata ndani yake yenyewe, kwa hizo protini nilizozieleza, na inaanza safari siku ambayo hakuna mtu amegusa kitu. Wataalamu wamelifuatilia jambo hili miaka mingi: wagonjwa waliochukuliwa kinyama kwa sindano hawafi zaidi kwa ajili ya sindano hiyo. Ile njia nyembamba iliyopita sindano daktari wa upasuaji anaijua, na ikibidi anaitoa pamoja na uvimbe.

Sasa jirani yenu. Sitaki kuwaambia bibi na wenzake kwamba macho yao yamewadanganya. Ni kweli alitolewa kinyama, na ni kweli akafariki. Lakini huku kwetu mtu hupelekwa kutolewa kinyama akiwa amekaa na uvimbe mwaka au zaidi, titi limeanza kuchubuka, au kifua kimeanza kubana. Ugonjwa umeshafika kwenye mapafu au ini kabla ya sindano. Kipimo kikaja mwisho, kikalaumiwa kwa yaliyotangulia.

Mambo mawili ya leo leo. Kukanda kuachwe. Hakuna faida, na uvimbe wenye saratani si wa kubinywabinywa. Na hilo la kutouma lisiwatulize, saratani nyingi za titi hazina maumivu mwanzoni. Kivimbe kigumu kisichouma, na kingine kwapani, hicho ndicho kinachotaka haraka, maana tezi za kwapa ndizo kituo cha kwanza seli zikitoka kwenye titi.

Ama la kuanzia wapi, wewe mdogo usibishane na bibi. Mtafute mama mtu mzima wa Lamu aliyetibiwa titi na yuko hai, wapo, waulize wauguzi wa hapo. Aje akae na bibi wazungumze. Siku ya kwenda hospitali bibi naye aende, aingie ndani, amwulize daktari kwa kinywa chake mwenyewe. Mtu mzima akiheshimiwa kwa kuulizwa huwa mara nyingi ndiye anayesema "haya, twende".


#4 NahodhaFaza

Mwanangu Fundi, salaam. Mimi ni mtu wa bahari, sikusoma sana, lakini hili limenigusa.

Mke wangu alitolewa kinyama kwenye kliniki moja ya binafsi, siitaji. Nikapewa kichupa nikipeleke mwenyewe Mombasa. Ndani mlikuwa na maji tu, wakaniambia ni maji ya chumvi, yale ya dripu. Siku hiyo maji yamekupwa, Mkanda, ule mlango wa bahari tunaopitia, haupitiki, tukangoja yajae. Tukaingia Lamu usiku, nikalala. Asubuhi nikavuka Mokowe, nikapanda basi, kichupa kimo mfukoni mwa koti, na ni kaskazi, joto lile mwalijua. Kufika Mombasa maabara wamefunga, nikakipeleka kesho yake.

Majibu yakarudi: saratani ipo. ER sifuri, PR sifuri, HER2 sifuri. Chini pameandikwa sampuli haikuhifadhiwa vyema. Alipewa kemo, zile dawa kali za kuua saratani, kisha titi likatolewa hospitali kubwa Mombasa. Hakuna aliyenieleza yale maandishi ya chini. Ile sifuri ni sifuri ya kweli?


#5 FundiMaabara

Mzee wangu Nahodha, nashukuru umelieleza kituo kwa kituo. Acha nilijibu kwa urefu, kwa sababu watu wa visiwani wengi wamo humo.

Kinyama kikitoka mwilini hakifi papo hapo. Seli zake zinaanza kujila, na miongoni mwa vitu vinavyoharibika ni hizo protini tunazozitafuta. Joto linaharakisha. Maji ya chumvi hayazuii kitu, na spiriti inaharibu kwa njia yake. Kinachozuia ni formalini, ile ya asilimia 10 iliyotayarishwa kwa kazi hii. Formalini inazishika protini zilipo, ili baadaye tukizitia rangi zionekane kama zilivyokuwa mwilini.

Muongozo ni huu. Kinyama kiingie kwenye formalini ndani ya saa moja tangu kitolewe. Chupa iwe ya mdomo mpana, na formalini iwe nyingi, kama mara kumi ya ukubwa wa kinyama. Kisitiwe kwenye friji wala barafu. Kikae humo si chini ya saa 6 na si zaidi ya 72 kabla maabara haijaanza kukishughulikia. Hizo saa 72 ni siku tatu. Kutoka Lamu hadi Mombasa, ukivuka Mokowe asubuhi ukapita Witu, Garsen na hapa kwetu Malindi, siku tatu zinatosha kabisa. Kisichofaa ni chupa kuwekwa dirishani wiki nzima ikingoja chupa nyingine zijae ndipo zisafirishwe pamoja. Juu ya chupa paandikwe jina, titi la upande gani, saa kinyama kilipotolewa na saa kilipoingia kwenye formalini. Saa hizo mbili watu wengi huziacha, na bila hizo mpatholojia anakuwa anabahatisha.

Nieleze na tunachokiona, ili mjue sifuri inavyopatikana. Kipande kinapakwa kingamwili inayoitambua HER2, halafu rangi inayogeuka kahawia pale kingamwili iliposhika. Ikiwa 3+, yaani chanya, seli za saratani zimezungukwa na mstari mzito wa kahawia, umekamilika pande zote, wala huna haja ya kukaza macho. 2+ mstari upo lakini hafifu, basi jibu halijapatikana: lazima kifanywe kipimo cha pili kiitwacho FISH, kinachohesabu nakala za jeni yenyewe. 1+ na 0 huhesabiwa hasi. Tangu 2022 hata 1+, na 2+ ambayo FISH yake ni hasi, zimepata maana mpya, kwa sababu ipo dawa, trastuzumab deruxtecan, iliyoonyesha kuwasaidia wagonjwa wa aina hiyo ugonjwa ukishasambaa.

Sasa sampuli iliyooza njiani nayo haishiki rangi. Kwa macho ni sifuri vilevile. Ndiyo maana mpatholojia mwangalifu hutazama kwanza mirija mizima ya titi (isiyo na saratani) iliyomo kwenye kipande hicho hicho. Mirija mizima kwa kawaida huwa na seli zinazoshika rangi ya ER. Ikiwa nayo haikushika hata kidogo, kosa liko kwenye sampuli, na majibu yote hayategemeki.

Kwa hiyo mzee wangu, kwa maandishi yale ya chini, mimi nisingeiamini sifuri hiyo. Na kuna heri kwako: umesema titi lilitolewa baadaye hospitali kubwa. Titi lile lilipelekwa maabara, na vipande vyake vimo ndani ya nta. Nta hiyo hukaa miaka. Uliza kama kulibaki saratani ndani ya titi hilo baada ya kemo, na kama ER, PR na HER2 zilipimwa upya.


#6 MwanafunziPwani (Kilifi)

Ahsante kwa darasa. Mimi nasoma baiolojia. Kinachonitatiza: damu inafika kila mahali, mpaka kidole cha mguu. Kwa nini saratani ya titi inakwenda kwenye mifupa, mapafu, ini na ubongo, haiendi kidoleni?


#7 FundiMaabara

Swali hili liliulizwa mwaka 1889 na daktari wa upasuaji wa London, Stephen Paget. Alipitia rekodi za wanawake 735 waliofariki kwa saratani ya matiti. Ini lilikutwa limeshikwa mara 241, wengu mara 17 tu, na wengu unapata damu ya kutosha. Akasema seli hizi ni mbegu: zinapeperushwa kila upande, ila zinaota pale udongo unapozikubali.

Ilibidi kungoja zaidi ya miaka mia kujua huo udongo una nini. Mwaka 2001 watafiti walionyesha kwamba seli za saratani ya titi zina kipokezi kingi kiitwacho CXCR4. Kazi yake ya kawaida ni kuziongoza seli nyeupe za damu zifuate kemikali iitwayo CXCL12. Na ni viungo gani vinavyotoa CXCL12 kwa wingi? Tezi za limfu, mapafu, ini na uboho wa mifupa. Orodha yako ile ile, karibu yote. Seli ya titi inanusa na kufuata. Walipoizuia CXCR4 kwa panya, seli zilizofika kwenye tezi na mapafu zikapungua.

Sasa rudi kwa HER2. Mwaka 2004 watafiti wa Houston wakagundua kwamba HER2 ikizidi, seli inatengeneza CXCR4 nyingi zaidi, tena inaizuia isivunjwevunjwe. Unaona mchezo ulivyo? Protini moja inaipa seli mbio, inailegeza iachane na wenzake, inaizuia isife njiani, na juu ya hayo inaipa pua ya kujua pa kwenda. Mimi niliposoma hilo mara ya kwanza sikulala vizuri. Ndiyo sababu napiga kelele kuhusu mstari mmoja wa ripoti.


#8 SistaWaKemo (Mombasa)

Niongeze kidogo, mimi niko upande wa wagonjwa.

Fundi amezungumzia HER2, lakini wasije watu wakadhani HER2 hasi ni habari njema kila mara. Ipo saratani ambayo ER, PR na HER2 zote ni hasi, za kweli si za sampuli mbovu, na nayo ni kali mno. Inawapata zaidi wanawake wa asili ya Kiafrika na walio chini ya miaka 40, na wenye hitilafu kwenye jeni ya BRCA1. Hiyo haisikii trastuzumab wala vidonge vya homoni. Inataka kemo, na inataka iwahiwe. Ndiyo maana nasema kama Fundi: kipimo kwanza.

Trastuzumab hutolewa kila wiki tatu, na kwa ugonjwa ambao haujasambaa ni mwaka mzima. Si kemo, haitoi nywele. Lakini moyo nao unaitumia HER2 kujikarabati, kwa hiyo dawa hii inaweza kupunguza nguvu ya moyo kusukuma damu. Kabla ya kuanza ni lazima eko ya moyo (kipimo cha mawimbi ya sauti), kisha irudiwe kila miezi mitatu hivi. Mama akiona pumzi inakatika kwa kutembea kidogo, au miguu inavimba, aseme siku hiyo hiyo, asingoje miadi. Mara nyingi dawa ikisimamishwa moyo unarudi.

Na kichwa. HER2 chanya na ile ya hasi tatu zina tabia ya kwenda kwenye ubongo. Trastuzumab ni kingamwili kubwa, haipenyi vizuri kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo, hivyo mtu anaweza kuwa kifua na ini viko safi kabisa, ugonjwa ukatokea kichwani. Kichwa kinachouma kila asubuhi, kutapika bila sababu, kuona viwili viwili, kuanguka kifafa ukubwani: hayo si ya panadoli.


#9 UstadhMkomani (Lamu)

Assalaam aleikum. Nimefuata uzi huu kwa makini. Mimi huletewa wagonjwa wa aina hii niwasomee, na wengi wanakunywa kombe na habasoda pamoja na asali. Sitaki kumwacha mtu akapotea mikononi mwangu. Nyinyi wa hospitali mwasemaje?


#10 FundiMaabara

Waaleikum salaam ustadh. Swali lako ni la mtu mwenye amana.

Kisomo na kombe havigombani na bayopsi. Mgonjwa anaingia chumba cha upasuaji akiwa ametulia kwa dua, na utulivu huo ni kitu kikubwa. Habasoda imejaribiwa kwenye seli zilizooteshwa maabara na kuonyesha dalili fulani, lakini kuua seli kwenye kisahani ni mbali na kumponya mama. Haijathibitishwa kuiziba HER2 mwilini mwa mtu. Akiwa kwenye kemo, lolote analokunywa nje ya hospitali alitaje kwa daktari, kwa sababu baadhi ya mitishamba hubadilisha jinsi ini linavyoishughulikia dawa.

Ninaloliomba kwako ni neno moja tu kwa anayekujia na uvimbe wa titi: "Nitakusomea, na wewe kesho uwe hospitali." Likitoka kwako litabebwa. Likitoka kwangu ni la mtu wa maabara.


#11 UstadhMkomani

Tumeamrishwa kujitibu. Nitalisema, na darsa ya akina mama ya Alhamisi nitawaomba walizungumze.


#12 MamaWatatu (Malindi)

Haya yote mazuri, ila bei? Dada yangu aliambiwa HER2 chanya, alipotajiwa bei ya hiyo sindano ya trastuzumab akarudi nyumbani Shela kulala. Mtu muuza mahamri aipate wapi?


#13 SistaWaKemo

Dada, asilale. Dawa hii imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015, na mwaka 2019 shirika hilo lilipitisha ya kwanza kati ya zile zinazotengenezwa kwa kufanana nayo, ambazo ni nafuu. Hapa Kenya mwaka 2025 serikali ilitangaza makubaliano ya kushusha bei kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000 kwa kila sindano, na hiyo 40,000 ilipwe na SHA, bima ya afya ya serikali, kwenye hospitali zilizoteuliwa. Basi kazi yake ya kwanza ni usajili wa SHA, mchango wake uwe umelipwa, halafu aende na ripoti yenye HER2 iliyoandikwa wazi. Bila mstari huo hakuna atakayemwidhinishia. Akifika aombe kuonana na afisa wa ustawi wa jamii wa hospitali kabla ya kuonana na mhasibu. Na kama ripoti yake ni 2+ bila FISH, hiyo FISH ifanywe kwanza.


#14 BintiLangoni

Nimerudi. Tulimleta mama mmoja wa Matondoni, mwenyewe alitolewa titi miaka ya nyuma, sasa yuwasuka mikeka yake. Alikaa na bibi tangu alasiri hadi magharibi, wakafunga mlango. Sijui waliambizana nini. Bibi alipotoka akauliza nauli ya kwenda Mombasa ni kiasi gani.

Kinyama kinatolewa hapa hapa Lamu, wiki ijayo. Kaka Fundi, nikifika niseme nini ili nisionekane mjuaji?


#15 FundiMaabara

Alhamdulillahi. Sema kwa upole: "Daktari, naomba sampuli iwekwe kwenye formalini, na saa iandikwe juu ya chupa. Sisi wenyewe tutaivusha kesho asubuhi. Na kwenye fomu naomba paandikwe ER, PR na HER2." Hakuna daktari wa kuudhika kwa hilo. Fomu ikiandikwa "bayopsi ya titi" peke yake, maabara nyingi zitakujibu saratani ipo au haipo na kuishia hapo, utarudi kulipia upya. Piga picha ya fomu na ya chupa kabla hujaondoka.


#16 NahodhaFaza

Mwanangu, nimepiga simu. Titi lilipimwa, saratani ilibaki kidogo ndani yake, na nta ipo. HER2 haikupimwa upya kwa sababu waliifuata ile sifuri ya kwanza. Wamesema nikileta barua ya daktari wataipima. Mke wangu yuko vizuri, apika, atembea, ila miezi imepita. Je, wakati haujapita?


#17 SistaWaKemo

Baba, njoo na barua wiki hii. Muda unaofaa zaidi ni kuanza dawa ya HER2 mapema baada ya upasuaji, lakini hilo ni la daktari wa saratani kuamua akiona majibu na tarehe, msijiamulie nyumbani kwamba mmechelewa. ER na PR zipimwe pia kwenye nta hiyo hiyo, maana zile sifuri zilitoka chupa moja. ER ikitokea chanya, kuna vidonge vya homoni atakavyotumia miaka kadhaa. Njoo naye mwenyewe, na ripoti zote mbili, ile ya kwanza na ya titi. Tutamfanyia eko ya moyo siku hiyo hiyo, ili majibu ya HER2 yakitoka yasikute tunaanza kutafuta miadi ya eko.